Kitambaa Kisicho na Mshono

"Na hapa unaona ngapi?" Ansbert aliuliza.

"Tatu," Sekela akajibu, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Ansbert alibaki amesimama juu ya stuli, nyundo mkononi. Juu ya shuka la kitandani alilolibana ukutani kwa misumari hapakuwa na tatu wala nne. Alikuwa hajaweka namba yoyote. Projekta ilikuwa inamwaga mwanga mtupu, na mwanga wenyewe nusu yake unapenya shuka na kwenda kulala ukutani.

"Mama Asifiwe, unabahatisha."

"Sibahatishi."

"Sijaweka kitu hapa! Kitu gani hicho tatu?"

Sekela akacheka kidogo, halafu kicheko kikamwishia njiani. "Sasa ulitaka niseme nini, jamani? Tangu asubuhi unapanda stuli, unashuka stuli, kwa magoti hayo. Nikasema nikupe tatu yako ukapumzike."

Ansbert alishuka, akakaa kitandani kando ya mkewe. Madirisha walikuwa wameyaziba kwa maboksi na blanketi, na chumba kilikuwa na joto la kuivisha ndizi. Nje, Manzese ilikuwa inaendelea na mambo yake: msumeno wa fundi Kasimiri unalia, mtu anauza dawa ya panya kwa kipaza sauti. Ilikuwa Jumatatu saa nne asubuhi, na harusi ya mtoto wao ilikuwa Jumamosi.

Harusi yenyewe ilikuwa Ujerumani. Asifiwe alikwenda huko kusomea uuguzi, akapata kazi, akampata na Gozbert, kijana wa Kihaya, jambo lililomfurahisha Ansbert kupita kiasi, kwa kuwa yeye mwenyewe ni Mhaya na hakuna Mhaya asiyefurahi akiona Mhaya mwenziwe kafika mbali. Wazazi waliomba viza, wakanyimwa kwa barua ya mistari minne. Sawa, ndugu wakasema, siku hizi kuna simu, mtaangalia kwenye simu. Walisema hivyo kwa sababu macho yao ni mazima.

Sekela alikuwa na presha ya macho. Ilimla polepole kutoka pembeni, mpaka ikamwachia kitundu kidogo katikati, nacho kimeingia ukungu. Simu kwake ilikuwa punje ya mwanga. Kitu kikiwa kikubwa, kikawa na mwanga wa kutosha, alikiona. Daktari alimwambia bila kuzunguka: kilichokwenda hakirudi, tutunze kilichobaki, na kilichobaki si cha miaka mingi. Basi Sekela aliporudi nyumbani alimwambia mumewe jambo moja tu. "Mie sitaki kingine. Nimwone mwanangu siku yake. Nimwone sura, nisisimuliwe."

Ndiyo maana Ansbert alikuwa juu ya stuli.

*

Alikuwa fundi wa maabara wa shule ya sekondari kwa miaka thelathini na mmoja kabla hajastaafu. Mtaani walimwita Mwalimu, naye hakuwahi kumsahihisha mtu. Projekta aliipata kwenye baa moja ya Sinza iliyofungwa, ikiwa na taa iliyochoka. Ile siku aliyoinunua aliingia pia kwenye duka linalouza skrini za kweli, zile za kukunjwa na kukunjuliwa, akauliza bei. Kijana wa duka alimtazama kuanzia kandambili hadi kofia. "Mzee, hizo ni za ofisi," akasema, akaendelea na simu yake. Bei hakutaja. Ansbert alitoka akiwa amevimba, na njia nzima alikuwa akimjibu yule kijana kwa Kiingereza.

"Skrini ni nini?" alimwambia mkewe alipofika. "Kitu cheupe kilichonyooka. Sayansi hiyo. Nitaitengeneza."

Akafungua daftari. Akaandika tarehe, akapiga mistari: jina la kitu, bei yake, mwanga wake, na mwisho kabisa, Mama Asifiwe kaona nini. Baada ya ile tatu ya uongo walikubaliana kwamba Sekela atasema kweli, hata kama ni mbaya. Akaapa kwa jina la mama yake.

Tatizo la kumwambia Sekela aseme kweli ni kwamba alisema yote. Walijaribu ukuta wenyewe, uliopakwa rangi ya maji mara mbili, na Ansbert akaweka picha ya Asifiwe amevaa joho la mahafali.

"Naona kwetu Tukuyu," Sekela akasema. Alikuwa ametulia, mikono mapajani, kama mtu aliyekaa barazani kwao. "Asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Kuna mtu anakuja na njia, amebeba kitu. Namsubiri afike nimjue ni nani, lakini hafiki."

"Lakini sura unaiona?"

"Hafiki, baba. Nimekwambia anatembea tu."

Ansbert aliandika: Ukuta. Bure. Tukuyu. Akafikiri, akaongeza: Hapana.

Jumanne akaleta turubai jeupe la kufunikia mchanga, akalivuta mpaka likawa kama ngozi ya ngoma. Hilo liling'aa, lakini lilikusanya mwanga wote katikati kama sarafu na pembeni kukawa giza. Sekela akasema anaona jua linazama ndani ya bwawa la maziwa, na kwamba ni zuri sana, angeweza kulitazama kutwa, ila mtoto wake hayumo. Akajaribu na kipande cha jipsamu ya dari, kikapinda kwa unyevu. Jumatano asubuhi lilikuja bango la matangazo lililokwisha kazi, likageuzwa upande wake mweupe. Lilikuwa na mwanga kuliko vyote, Ansbert akaanza kupiga mluzi. Kumbe upande wa pili paliandikwa kwa herufi za dhiraa nzima DAWA YA MINYOO, na mwanga ulipopiga, yale maandishi yakatokea kwa nyuma, usoni mwa Asifiwe.

"Naona," Sekela akasema kwa furaha. "Naona kitu, Ansbert! Nyeusi nyeusi. Ndiyo nywele?"

Ansbert akashindwa kumwambia. Akazima, akasema umeme umekatika. Halafu akatoka kwenda kukaa uani peke yake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze, aliogopa.

*

Hapo uani ndipo simu ya Bi Zubeida ilipomkuta. Bi Zubeida alikuwa jirani yao ukuta kwa ukuta kwa miaka ishirini na sita, mama wa watu, Mwarabu wa Manzese, mjane wa marehemu Hashil aliyekuwa na duka la vitambaa. Asifiwe alikulia uani kwake. Wiki hiyo alikuwa Boko kwa mwanawe Muntasir, lakini alikuwa akipiga simu kila siku kuulizia harusi.

"Shikamoo, Mama Muntasir."

"Marahaba, Mwalimu. Mbona sauti iko chini ya kitanda?"

Akamweleza yote: shuka, turubai, bango, na dawa ya minyoo. Bi Zubeida akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Wewe unahangaika na maturubai na mie nimezaliwa kwenye vitambaa? Unataka bafta, ile pamba nyeupe. Nzito, pana. Nenda kamwambie Salsabil akupe mfuko ulio chini ya kitanda changu, ni kipande kilichobaki dukani enzi hizo. Na usinirudishie. Kipake rangi, kipigilie misumari, ndiyo zawadi yangu kwa mtoto."

Salsabil alikuwa mke wa mjukuu wake, hana miezi miwili ndani ya nyumba ile, bado anabisha hodi kabla ya kuingia jikoni. Alipiga magoti, akachungulia chini ya kitanda cha bibi. Aliona beseni, aliona viatu, aliona sanduku la bati. Mfuko hakuuona, kwa kuwa ulikuwa nyuma ya sanduku, na sanduku la mkwe hulivuti. Akainuka, na juu ya kabati akaona mfuko mweupe umefungwa vizuri kwa utepe. Wazee nao wanasahau, akajisemea. Akautoa bila kuufungua, akampa Mwalimu mlangoni kwa mikono miwili.

Ansbert alipoukunjua alikaa chini. Vilikuwa vipande vitano, vyeupe pe, vimekunjwa kwa adabu. Kimoja kilikuwa kipana kuliko kitanda chao. Akakipitisha vidole kutoka pembe hadi pembe, akitafuta mshono. Hakuna. Hakuna pindo, hakuna uzi, hakuna alama ya sindano hata moja.

"Sekela, hebu shika hapa. Kitambaa hiki hakina mshono! Hata lile duka la yule mshenzi wa Sinza hawana kitu kama hiki."

Sekela alikishika, akakipeleka puani. "Kinanukia."

"Kafuri. Ya mende," akasema Ansbert, ambaye kwao Bukoba kafuri huwekwa kwenye suti. Akaandika kwenye daftari: Bafta. Zawadi. Bila mshono. Harufu: kafuri. Msomaji wa pwani hapo ameshashika kichwa, lakini Ansbert alikuwa Mkristo wa bara, maiti za kwao huvalishwa suti, na katika miaka yote hiyo ya kuzika na majirani zake Waislamu alisimama nje na wanaume, akachangia, akabeba jeneza. Ndani kulikofanyika kazi hakuwahi kuingia.

Alikigongomea kile kipana kwenye fremu aliyopewa na Kasimiri. Akapaka rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na kijiko cha rangi ya fedha, kwa rola, taratibu, kama anapaka siagi kwenye mkate wa mgeni. Kipande chembamba akakitumia kufungia fremu kwenye nondo za dirisha. Kingine Sekela akakitandika mezani, chini ya vikombe.

Ijumaa saa sita mchana rangi ilikuwa imekauka. Ansbert alizima taa na kuwasha projekta. Hakuuliza kitu. Aliweka picha ambayo Asifiwe alikuwa ametuma asubuhi ile, ambayo yeye mwenyewe alikuwa hajaitazama vizuri, akasubiri.

Sekela alikaza macho. Ukungu ulikuwepo, lakini safari hii ulikuwa unafunguka katikati, na yule mtu aliyekuwa anatembea wiki nzima alikuwa amefika. Alikuwa na paji la uso la bibi yake. Alikuwa anacheka na mwanya wake.

"Kwani nani kamwambia anyoe nyusi?" Sekela akauliza.

Ansbert akageuka kutazama. Kweli, nyusi zilikuwa zimenyolewa, zimebaki uzi. Akakaa sakafuni, akafunika uso kwa daftari, akalia bila aibu.

*

Jumamosi saa nane na nusu mchana Muntasir alimshusha mama yake mlangoni akaenda kutafuta pa kuegesha gari. Bi Zubeida aliingia na udi wake, na sahani ya kaimati, na vigelegele tayari mdomoni. Ndani walikuwepo Sekela aliyevaa gauni la kitenge kipya, Ansbert mwenye tai, na Salsabil anayepanga viti. Kitambaa kilikuwa kinang'aa bila picha, cheupe, kimejaa ukuta mzima.

Vigelegele havikutoka. Bi Zubeida alikitazama. Halafu akatazama dirishani, pale fremu ilipofungiwa. Halafu mezani, chini ya vikombe. Akaweka kaimati polepole.

"Mwalimu. Vitambaa hivi umevipata wapi?"

"Si ndiyo zawadi yako, mama! Hakina mshono hata mmoja, nimekipima mimi mwenyewe."

"Salsabil?"

"Ule mfuko uliosema, Bibi," Salsabil akajibu. "Wa juu ya kabati."

"Nilisema chini ya kitanda." Bi Zubeida akakaa kwenye kiti cha karibu. "Innalillahi. Wanangu, mmeipaka rangi sanda yangu."

Kuna aibu ambazo mtu huzitolea maelezo. Hii haikuwa na maelezo. Salsabil alikwenda kona akaziba uso kwa mtandio. Bi Zubeida hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Alizungumza akiwa anaangalia viganja vyake.

"Tulinunua pamoja, mwaka tuliokwenda hija. Yake na yangu, za jora moja. Hashil mwenyewe alipima kwa dhiraa zake, muuzaji anamwambia inatosha, yeye anasema ongeza, huyu mke wangu anajigeuza sana akilala. Tukazifua kwa Zamzam. Yake alikwenda nayo. Yangu ndiyo hiyo."

"Nitanunua nyingine," Ansbert akasema, na papo hapo akatamani kuumeza ulimi wake.

"Utanunua, tena utanunua nzuri. Sanda ni kitambaa cheupe kisafi, dini haina ugomvi na mtu. Lakini ile aliyonipimia Hashil utainunua wapi?"

Sekela alisimama, akapapasa meza, akaviondoa vikombe kimoja kimoja, akakikunja kile kipande kwa mikono inayojua kukunja bila kuona, akakiweka mapajani kwa Bi Zubeida. "Ansbert," akasema, "shusha."

"Mama Asifiwe, imebaki nusu saa…"

"Nimesema shusha! Nimwangalie mwanangu juu ya sanda ya mama yangu? Nitasikiliza. Masikio ninayo." Alisema kwa ukali, lakini kila aliyekuwa mle ndani alijua anachokitoa.

Ansbert alipanda stuli. Akatia makucha ya nyundo chini ya msumari wa kwanza, ukatoka na uzi. Akatia kwenye wa pili. Nje msumeno wa Kasimiri ulinyamaza, ukabaki mlio wa feni ya projekta tu.

"Jana," Bi Zubeida akauliza, "ulimwona kweli, Sekela? Au ulimfurahisha huyu?"

"Nilimwona. Amenyoa nyusi zote, mama, kama jambazi."

Bi Zubeida alitoa sauti ambayo ilianza kama kilio na kuishia kuwa kicheko. Alijifuta macho kwa pembe ya ushungi.

"Mwalimu, acha misumari hiyo. Irudishie."

"Mama…"

"Irudishie nimekwambia. Mie sifi leo saa tisa. Leo saa tisa kuna harusi."

*

Saa tisa kasoro Ujerumani ikaja ukutani. Kwanza ilikuwa rangi tu, kijani ya miti na weupe wa kanisa, inayumba kama inatoka chini ya maji. Kisha ikatulia. Wakamwona Gozbert, mrefu, amekaza shingo kwa hofu, na Ansbert akasema "kijana wetu huyo" mara tatu. Mlango ukafunguka, na Asifiwe akaingia.

Sekela alisogeza kiti mpaka magoti yakakaribia kitambaa. Mwanawe alikuwa anakuja kutoka mwisho wa kanisa na hakuishia njiani. Alizidi kuwa mkubwa na kuwa karibu, shela linaburuzika, mpaka uso wake ukawa mpana kuliko mikono miwili ya mama iliyonyooshwa. Mwanga ulimpiga Sekela usoni, ukamtia rangi ya maua ya bintiye. Alimwona akimeza mate kabla ya kusema ndiyo. Alimwona kidevu kinavyotetemeka. Hakuna aliyemsimulia. Kila kitu alikisema yeye kwanza, na wengine ndio waliokuwa wakiitikia.

Baadaye Asifiwe aliishika simu mwenyewe. "Mama, unaniona?"

"Nakuona. Nani kakunyoa nyusi?"

Ujerumani nzima ikacheka. "Na Bibi yupo?"

Bi Zubeida akainuka, akaisogelea kompyuta iliyounganishwa na projekta na kuinamia kabisa kwenye kamera, kama mtu anayechungulia kisimani. Alimwombea dua ndefu, ya kizazi, ya riziki, na ya subira na wanaume. Asifiwe alisema amina, analia. Kisha kule wakaitwa kwenda kupiga picha, wakaaga, sura zikatoweka moja baada ya nyingine. Kompyuta ikakosa mwingine wa kumwonyesha, ikamwonyesha aliyekuwa mbele yake.

Uso wa Bi Zubeida ukajaa kile kitambaa, kutoka pembe hadi pembe.

Salsabil akashika mdomo. Bi Zubeida akajiinua nusu, akajiona, akaganda, mkono kwenye ushungi. Kule juu na yule mwingine, mkubwa, akagusa ushungi wake.

"Mama Muntasir," Sekela akasema polepole. "Kumbe wewe ndiye huyo. Nina miaka miwili sijakuona." Akainuka, akanyoosha kidole kukaribia kitambaa, bila kugusa. "Hapa, pembeni mwa mdomo. Una kidoti. Siku zote nikikutazama, nilikuwa natazama wapi?"

Bi Zubeida akajipapasa pembe ya mdomo. Kilikuwepo, kidogo, chini ya makunyanzi yote yale. "Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akikisema," akajibu.

Ansbert, akiwa na aibu yake yote, alikuwa ameshachukua nyundo na kuiendea projekta. "Nizime, mama? Tuanze kukibandua, nikakiloweke. Labda rangi itatoka."

Yule mama mzee alikuwa bado anajitazama, mwanga wote uko juu yake.

"Hebu usizime kwanza," akasema.